Nani Alitoboa Gamba Hili?

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto wetu wa darasa la Jumamosi,

Mwaka jana, tuliporudi kutoka matembezi ya Calvert Cliffs, niliwaambia jambo ambalo si kweli. Wengi wenu mmeshalisahau. Mimi sikulisahau, ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu, nilisahihishe mbele ya wale wale niliowaambia.

Mnakumbuka siku ile kila mtoto alikuja darasani na mfuko wake wa vitu alivyookota ufukweni. Kulikuwa na meno ya papa, vipande vya mifupa ambavyo hatukuvijua ni vya nani, na magamba mengi ya chaza na konokono. Baadhi ya magamba yalikuwa na tundu moja dogo la duara, safi kabisa, kana kwamba fundi amekaa nalo na keekee yake. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani alitoboa?"

Nikajibu bila kusita. "Watu wa kale. Walikuwa wakitunga shanga, kama tulivyofanya sisi utotoni."

Kisha nikatoa uzi. Mkayatunga, mkayavaa shingoni, tukapiga picha. Mtoto wa pili, aliyekuwa bado anayageuzageuza ya kwake, akauliza, "Mbona matundu yote yako mahali pamoja?" Nikamwambia kwamba fundi aliijua kazi yake. Watu wakacheka, nasi tukarudi kwenye ngeli ya LI-YA.

Jioni, mezani, binti yangu aliyekuwa na miaka tisa wakati ule akasema, "Mama, kule tulikokwenda wametuambia magamba yale yana zaidi ya miaka milioni kumi. Watu walikuwepo?"

Nikamwambia ale chakula chake.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, bila kiburi chochote, "Basi nitamwuliza mwalimu wangu wa shule. Haya mambo Kiswahili hakiyajui."

Nimeishi nchi hii miaka kumi na minne. Nimesikia maneno makali kuliko hayo, mengine nikiambiwa mimi mwenyewe usoni. Lakini hayo ya mtoto wangu yalinikaa. Kila Jumamosi naamka mapema, napika maandazi, naendesha gari dakika arobaini ili watoto wetu wasiipoteze lugha. Na mimi mwenyewe, kwa kuogopa neno moja tu, "sijui", nilikuwa nimemfundisha mtoto kwamba Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi na kusalimia wageni, na swali la maana lina lugha yake nyingine.

Nieleze kwanza kwa nini nilijibu vile. Nimezaliwa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Bahari ikikupwa kule, hasa siku za bamvua, maji hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na pwani yote huwa uwanja. Mama yangu na wenzake walikuwa wakishuka na vikapu kutafuta chaza na kome wa kitoweo. Sisi watoto tulifuata nyuma, tukiokota magamba matupu. Yenye tundu tuliyapenda zaidi kwa kuwa hayakuhitaji kutobolewa. Ulikuwa unapitisha uzi wa mnazi au wa nyavu, ukawa na mkufu. Hatukuuliza tundu limetoka wapi, kama mtu asivyouliza kwa nini embe lina kokwa.

Kwa hiyo nilipoona matundu yale yale Maryland, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye uzi. Na kusema kweli, wazo lenyewe si la kijinga. Binadamu wamekuwa wakivaa magamba tangu zamani sana. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, wamepatikana konokono wadogo wa baharini waliotobolewa na watu miaka 75,000 hivi iliyopita. Kwetu Afrika Mashariki, katika pango la Panga ya Saidi, nyuma ya pwani ya Kilifi nchini Kenya, imepatikana shanga ya gamba la baharini yenye zaidi ya miaka 60,000. Wachimbuzi wa mambo ya kale wakikuta gamba lenye tundu hujiuliza swali lile lile mlilouliza nyinyi darasani: ni mkono wa mtu, au ni kitu kingine? Tofauti ni kwamba wao huangalia kwanza, kisha ndipo wajibu.

Tuangalie basi. Magenge ya Calvert Cliffs yanafuata ufuko wa ghuba ya Chesapeake kwa maili zaidi ya ishirini. Yalijengwa na mchanga na matope yaliyotua chini ya bahari kati ya miaka milioni 20 na milioni 8 hivi iliyopita. Wakati huo sehemu hii ya Maryland ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi, yenye nyangumi, pomboo na papa wakubwa sana. Binadamu wa aina yetu wa kale kabisa wanaojulikana, waliopatikana Jebel Irhoud kule Moroko, wana miaka 300,000 hivi. Ukichukua miaka milioni 15 ukaigawa kwa 300,000, unapata hamsini. Maana yake ni kwamba historia yote ya binadamu ingebidi irudiwe mara hamsini, moja juu ya nyingine, ndipo ufike siku ambayo lile gamba lilitobolewa. Hesabu hiyo binti yangu aliifanya kwa penseli, pembeni mwa sahani yake, wiki moja baada ya mimi kumnyamazisha.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia, "Mama hajui. Twende tukaulize, halafu turudi tuseme kwa Kiswahili." Tukaenda kwenye jumba la makumbusho la Calvert Marine Museum, mji wa Solomons, tukasoma, tukauliza. Baadaye tukasoma zaidi nyumbani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtobozi ni konokono. Simsemi yule wa bustanini anayetafuna mchicha. Huyu ni wa baharini, wa jamii ambayo wanasayansi huiita Naticidae. Wamarekani humwita konokono mwezi, kwa kuwa gamba lake ni la mviringo na linang'aa. Anaishi mchangani, na hutembea amejifukia, akimtafuta chaza ambaye naye amejifukia. Akimpata humkumbatia kwa mguu wake, na mguu huo ni nyama pana, kubwa kuliko unavyodhani ukiona gamba lake tupu. Chaza hujifunga kwa nguvu zake zote. Mlango umefungwa, na konokono hana nguvu ya kuuvunja. Kwa hiyo anatoboa ukuta.

Vyombo vyake vya kazi ni viwili. Cha kwanza ni ulimi mwembamba kama utepe, uliojaa safu za vimeno vidogo. Ukiuona kwa hadubini unafanana na tupa ya seremala. Cha pili ni kiungo kidogo laini, karibu na mdomo, kinachotoa majimaji yenye asidi na kemikali nyingine za kulainisha gamba. Kumbukeni gamba la chaza limejengwa kwa madini yale yale ya chokaa kama ganda la yai. Mkitaka kuona asidi inavyofanya, tieni yai bichi ndani ya glasi ya siki usiku mmoja. Asubuhi ganda litakuwa limelainika, na lisipokuwa limekwisha, litabonyea kidoleni.

Konokono hukibandika kile kiungo mahali alipopachagua, akakiacha kifanye kazi. Kisha hukiondoa, akakwangua kwa ulimi kile kilicholainika. Anabandika tena, anakwangua tena. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Melbourne Carriker, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza kazi hii kwa konokono wanaotoboa chaza wa biashara. Si kazi ya haraka. Huchukua saa nyingi, na kwa gamba nene huweza kupita siku nzima. Tundu likishapita upande wa pili, konokono huingiza mdomo wake mrefu kama mrija, akamla chaza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baadaye gamba hufunguka, pande mbili huachana, na upande mmoja hubaki na tundu lake. Ndilo hilo mlilolitunga uzi.

Binti yangu aliposikia hivyo alisema, "Kwa hiyo tulivaa shingoni mahali pa mauaji?" Ndiyo, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tutajuaje kwamba ni konokono, na si mchanga uliosugua, au jiwe lililogonga? Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi, mimi na yeye, na kioo cha kukuzia tulichonunua dukani. Tulimwaga mfuko wetu mezani na kuanza kupanga.

Kwanza, umbo la tundu. Tundu la konokono mwezi ni duara zuri, tena ni pana nje na jembamba ndani, kama bakuli lililotobolewa kitako. Mnajua seremala anavyopanua mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame kisitokeze? Ni hivyo hivyo. Gamba lililovunjwa na jiwe lina kingo za kukatikakatika. Lililosuguliwa na mchanga kwa kawaida halina duara safi la namna hiyo.

Pili, upande. Kazi imeanzia nje kwenda ndani. Konokono hawezi kuanzia ndani, kwa sababu ndani kuna mwenye nyumba.

Tatu, mahali. Hapa namwomba radhi yule mtoto aliyeniuliza, kwa sababu swali lake lilikuwa swali bora la siku ile na mimi nililifanyia mzaha. Matundu mengi yalikuwa karibu na kile kinundu cha juu, penye bawaba inayounganisha pande mbili za gamba. Konokono humshika chaza na kumgeuza kwa namna ile ile kila mara, na hivyo mdomo wake huangukia sehemu ile ile. Niliposema kwamba fundi aliijua kazi yake, nilisema kweli bila kujua. Nilikosea fundi tu.

Nne, ukubwa. Konokono mdogo hutoboa tundu dogo, na mkubwa hutoboa kubwa. Ukipima tundu, unapata fununu ya ukubwa wa mwindaji ambaye hayupo mezani na hutamwona kamwe.

Kwa kanuni hizo tulipanga magamba 60 ambayo hayakuwa yamevunjika, na 13 yalikuwa na tundu la konokono. Huo ni mfuko wetu tu, na mtoto anayeokota huchagua anachokipenda, kwa hiyo msichukue hesabu hiyo kuwa habari ya bahari nzima. Lakini tuliona mambo. Tundu moja lilikuwa na ukuta ulionyooka, bila ule mdomo mpana. Tukajifunza kwamba kuna jamii nyingine ya watobozi, Muricidae, ambao kiungo chao cha asidi kimo mguuni, na matundu yao mara nyingi hunyooka kama bomba. Na hapa Maryland ina kichekesho chake. Mwaka 1984 jimbo letu lilimchagua konokono mmoja wa kale, Ecphora, kuwa kisukuku chake rasmi. Ni gamba zuri, la rangi ya kutu, lenye mbavu nne zinazolizunguka. Naye ni wa jamii hiyo hiyo ya watobozi. Jimbo zima limemweka mwizi wa chaza kwenye orodha ya heshima zake.

Tulikuta pia gamba la konokono mwezi mwenyewe, limetobolewa. Binti yangu alidhani tumechanganya. Hatukuchanganya. Konokono hawa hulana wao kwa wao, na visukuku vya namna hiyo si vya ajabu.

Na tulikuta gamba moja ambalo sasa liko kwenye rafu ya chumba chake. Tundu lake halikufika ndani. Ni kishimo cha duara, na katikati yake kuna kijiinuko kidogo, kwa sababu konokono mwezi hukwangua zaidi pembeni kuliko katikati. Ukigeuza gamba, ndani ni laini, hakuna alama yoyote. Kazi ilikatizwa. Gamba halisemi ilikatizwa na nini. Pengine wimbi liliwatenganisha, pengine mwindaji mwenyewe alipatwa na mwindaji. Lakini katika miaka milioni yote ile, kuna saa moja ya alasiri au ya usiku iliyobaki hapo, haikufutika.

Jambo hili ndilo lililonifanya nione thamani ya matundu haya. Mifupa na magamba hutuambia nani alikuwepo. Mara chache sana hutuambia alifanya nini. Jino la papa halisemi lilimng'ata nani. Tundu la konokono linasema mambo manne kwa mara moja: nani alishambulia, nani alishambuliwa, alianzia wapi, na kama alifaulu. Kwa hiyo wataalamu huyahesabu kama karani wa mahakama anavyohesabu mafaili.

Wawili kati yao, Patricia Kelley na Thor Hansen, walikusanya na kuchunguza makumi ya maelfu ya magamba kutoka pwani za mashariki na kusini mwa Marekani, kuanzia zama za dinosau mpaka karibu na zama zetu. Kelley alifanya kazi nyingi kwa magamba ya huku huku Maryland, na aliona kwamba baadhi ya chaza walizidi kuwa na gamba nene kadiri miaka ilivyopita. Mtu angetarajia mashindano yaliyonyooka: mwindaji anazidi ukali, ukuta unazidi unene. Lakini hesabu zao zilionyesha kwamba idadi ya waliotobolewa ilipanda na kushuka, ikapanda tena. Na kuongeza unene si njia pekee ya kujikinga. Chaza wengine hujifukia haraka, kombe wengine huruka na kuogelea, na kuna chaza wadogo wa jamii ya Corbula ambao katikati ya gamba lao mna utando usioyeyuka upesi kwa asidi. Konokono anafika hapo, anachoka, anaacha.

Mtaalamu mwingine ningependa watoto wamjue. Anaitwa Geerat Vermeij, alizaliwa Uholanzi mwaka 1946, na amekuwa kipofu tangu akiwa na miaka mitatu. Amekuwa profesa California, na mwaka 1987 alitoa kitabu kikubwa kuhusu vita hivi vya wanaokula na wanaoliwa. Magamba huyasoma kwa vidole. Makovu, unene, matundu, yote huyapapasa. Jaribuni nyumbani: fumbeni macho, mpewe magamba kumi, mtafute lenye tundu lisilofika ndani. Mimi nilishindwa mara mbili.

Na je, mchezo huu ulianza lini? Kabla ya dinosau, kabla ya samaki wa leo, kabla ya majani kuota nchi kavu. Mwaka 1992 Stefan Bengtson na Yue Zhao waliandika habari za viumbe wadogo wa China, mkoa wa Shaanxi, wenye miaka milioni 550 hivi. Walikuwa kama vijibomba vya chokaa vilivyopachikana. Jina lao ni Cloudina, na kwa mara ya kwanza walitambuliwa kutoka Namibia, barani kwetu. Baadhi ya vijibomba vile vilikuwa na matundu ya duara. Cloudina ni miongoni mwa viumbe wa kwanza kabisa kujijengea gamba gumu. Karibu mara tu walipojenga ukuta, akapatikana wa kuutoboa.

Nilimpigia simu mama yangu Jambiani kumweleza. Binti yangu akataka aseme yeye. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Akaeleza yote kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale. Hakuwa na neno la ile alama ya mwanzo wa tundu, akasema "kidimbwi". Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye maisha yake yote alidhani matundu yale ni ya bahari tu, na hakuwa na haja nayo, maana gamba lenye tundu halina nyama. "Halina nyama" ndiyo yote aliyohitaji kujua, na alikuwa sahihi.

Lakini hakuishia hapo. Bamvua iliyofuata alishuka pwani na goti lake bovu, na jioni tukapata picha na ujumbe wa sauti. Alikuwa ameokota magamba saba yenye tundu, ameyapanga juu ya kanga, kinundu juu. Matano yalikuwa yametobolewa karibu na kinundu. Na alikuwa ameweka kitu kingine pembeni, kitu nilichokifahamu mara moja ingawa sikukiona miaka ishirini: kile kipande cha mchanga kigumu kidogo, chembamba, kilichopinda kama kola ya shati. Utotoni tulivichukua kuwa ni vipande vya mtungi, tukavivunja kwa miguu. Bibi aliuliza kama na hicho kina habari yake. Kina. Ni mayai ya konokono mwezi, yaliyogandishwa pamoja na mchanga kwa ute wake. Kumbe tulikuwa tukicheza juu ya mazalia yake, tukivaa mabaki ya chakula chake, na hatukuwahi kumwona.

Binti yangu ameisikiliza sauti ile mara nyingi. Sitawadanganya kwamba sasa kila swali ananiuliza kwa Kiswahili. Ya hesabu bado anapeleka kwa Kiingereza, na ya simu yangu ananifundisha yeye. Lakini hajasema tena kwamba Kiswahili hakijui. Husema, "Mama, hili tulitafutie neno." Tuna kidaftari. Ndani yake mpaka sasa mna kisukuku, mwindaji, windo, tupa, keekee, bawaba, kinundu, na kile "kidimbwi" chake, ambacho nimekiacha kama alivyokisema.

Basi masahihisho yangu ndiyo haya: hakuna mtu aliyetoboa magamba ya Calvert Cliffs. Aliyetoboa ni konokono, na alikuwa na njaa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, walio na mikufu ile waje nayo. Tutakata uzi, tutayapanga magamba mezani na kuyasoma upya, kila mtoto na kioo chake cha kukuzia. Wazazi mnaopanga kwenda wenyewe kabla ya hapo, kumbukeni kutoka maegesho mpaka ufukweni ni maili 1.8 kwa miguu, kwa hiyo chukueni maji. Vilivyo ufukweni mnaruhusiwa kuokota. Kuchimba magenge ni marufuku, na msipite chini yake, maana huporomoka. Mtoto akiwauliza jambo msilolijua, mwambieni hamjui, kisha mkaangalie pamoja.

Lile gamba lenye tundu lisilofika ndani litakuwepo mezani, lakini ni la kutazamwa tu, mwenyewe hatoi. Amelibandikia karatasi kwa mwandiko wake: "Huyu hakuliwa. Labda."